Nimefunga

Kichaka tulichofungia boti kilikuwepo, gome limechubuka kidogo. Boti haikuwepo.

Mto Colorado hupanda na kushuka kila siku kwa matakwa ya wenye bwawa kule juu. Jioni unaiacha boti mchangani, alfajiri inaelea. Kwa hiyo sisi watu wa korongo tuna desturi yetu: anayefunga hupaza sauti, "Nimefunga!" na mwenzake huenda kuivuta kamba ahakikishe. Likiharibika jambo, mwenye kosa hujitaja mwenyewe. Kumtaja mwenzako ni aibu kubwa kuliko kosa lenyewe.

Boti ile baba yetu, Orrin, aliiunda kwa mbao kwa miaka mitatu, akaipa jina la kijito kilichozamishwa na bwawa. Safari hiyo ilikuwa yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Alikuwa amesema makasia yake atampa mmoja wetu tukifika mwisho wa korongo, na kila mtu alijua ni Dell, kaka yangu. Dell alipenda bia, lakini maji aliyajua. Mimi niliyataka makasia yale mpaka nikakosa raha.

Jioni iliyotangulia ilikuwa zamu yangu ya kufunga. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa mchanga, harufu ya kuku ikaniita. Nikapiga fundo la harakaharaka, nikijiambia nitarudi nikishakula.

"Nimefunga!"

Dell akainuka kwenda kuivuta kamba.

"Kaa bwana, unaniona mtoto?"

"Haya, Nola, yaishe," akacheka, akakaa.

Asubuhi baba akauliza, "Nani alifunga?" Masikio yake yalikuwa yameanza kumtupa, jana yake jioni hakusikia kitu. Rafiki zake wawili waliofuatana nasi kwa boti zao za mpira walinisikia vizuri, ila desturi iliwaziba midomo. Dell alinitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa ananisubiri tu. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Baba akayaona makopo ya bia kando ya matandiko ya Dell.

"Kumbe wewe."

Dell akasubiri tena kidogo. Kisha akasema, "Ndiyo, mzee. Nililewa."

Tukaendelea kwa boti za mpira, na chini ya maporomoko ya Lava tuliokota ubao mmoja wa boti yetu, una nusu ya jina. Mwisho wa safari baba alinikabidhi makasia, ambayo kila usiku aliyalaza kando yake, mbele ya watu, na Dell akapiga makofi. Akahamia Las Vegas, akawa fundi wa viyoyozi, na mtoni hakukanyaga tena. Baba hakumtaja hadi alipokufa. Mimi nimeyavuta makasia yale miaka ishirini na miwili nikipeleka watalii, na sijawahi kuyapenda.

Mwaka huu, baba alipofariki, nilimpigia Dell simu.

"Njoo tupeleke majivu yake mtoni. Nitawaambia watu ukweli."

"Umwambie nani, dada? Wa kuambiwa yumo koponi." Nikasikia feni ikizunguka kwake. "Jioni nani atafunga boti?"

"Mimi."

"Basi safari hii mwache mtu avute kamba," akasema, akakata simu.

Dell hakuja; nikayabeba majivu kwenye safari ya watalii. Tulipofika ufukweni jioni ya kwanza, nilipiga fundo, nikalirudia mara mbili.

"Nimefunga!"

Watalii walikuwa wanacheka, sahani mkononi. Nikabaki nimeishika kamba, nikisubiri mtu ainuke. Hakuinuka mtu.