Toa Moja

Futi ya ofisi yetu haikuwa na mita ya kwanza. Ilikatwa na tairi la Landrova zamani, kabla mimi sijaajiriwa. Futi mpya ilitakiwa itoke Dar, barua zikaandikwa, hazikujibiwa, basi tukaendelea nayo hivyo hivyo. Mwanzo wake ni namba moja. Mimi nashika pale mwanzo, bwana ramani anasoma kule mwisho, halafu napiga kelele, "Toa moja, mzee!" Anatoa, anaandika. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Darasa la tano nililoachia lilitosha kabisa.

Bwana ramani wa kwanza, mzee Evaristi, alikuwa ananitania. "Flavian, siku ukiumwa koo Sumbawanga nzima itavunjwa."

Siku moja nikamuuliza, "Kwani ilikatika lini?"

"Sabini na mbili. Unauliza ya nini?"

Nilikaa chini pale pale barabarani, akafikiri nina malaria.

Nyumba yetu ilipimwa mwaka sabini na nne.

Ilikuwa upande wa Pito, wakati wa operesheni. Watu wote wasogee barabarani, wakae kijiji kimoja. Sisi tulikuwa karibu na barabara tayari, kwa hiyo baba hakuwa na wasiwasi. Amri ilikuwa hivi: nyumba ya zamani iliyo ndani ya mita ishirini toka barabarani ibaki, iliyozidi ivunjwe. Aliyesimamia ni Mbonile, mtu wa Mbeya, suruali imenyooka, kalamu tatu mfukoni. Baba yangu Zenon alichuchumaa akapiga makofi taratibu, kama tunavyosalimia mkubwa huku Ufipa. Mbonile akamwangalia.

"Unampigia nani makofi, mzee? Hapa hakuna mkutano."

Mgambo wakacheka. Wakavuta futi, hii hii ya ofisi yetu. Mbonile akasoma, "Ishirini na nusu. Nje."

Baba alisema, "Bwana mkubwa, naomba upime tena. Hatua nilizihesabu mimi mwenyewe wakati najenga."

"Futi ya serikali haikosei."

Ikavunjwa siku hiyo hiyo. Matofali ya kuchoma, baba aliyachoma viangazi vitatu. Mvua za Novemba zilitukuta kwenye kibanda cha nyasi, na baridi ya kwetu unaijua. Mama, Kristiana, alishikwa na kichomi. Januari tukamzika. Mimi shule sikurudi.

Sasa toa moja. Ishirini na nusu, toa moja, ni kumi na tisa na nusu. Nyumba yetu ilikuwa ndani. Mama yangu alikufa kwa mita iliyobaki kwenye tairi.

Tangu siku ile nikawa nataka kitu kimoja tu, nijue kama Mbonile alijua. Kama hakujua, ni mjinga, na wajinga ni wengi. Kama alijua, basi.

Miaka minne baada ya nyumba yetu kuvunjwa, akajileta mwenyewe. Aliacha kazi ya serikali ili afanye biashara, akanunua nyumba kwenye mtaa wa maduka ya zamani. Mtaa ule una sheria yake. Nyumba zote zina baraza na nguzo za mbao, zimeungana, wakati wa masika unatembea toka mwanzo hadi mwisho usilowe hata kisigino. Ukitaka kubadilisha mbele ya nyumba unaleta maombi kwenye Kamati ya Majengo, kamati inakuja kwa miguu kuangalia. Baraza jipya lisitoke zaidi ya mita mbili toka ukutani. Likizidi, linaingia njia ya watu, linavunjwa.

Mbonile alileta maombi, lakini hakungoja kibali. Alishasimamisha nguzo nne za saruji. Saruji ya mwaka ule! Watu walikuwa wanaisubiri kwa miezi, wanapata mfuko mmoja, wanalala nao chumbani kama mke.

Mzee Evaristi alikuwa amehamishwa. Bwana ramani mpya, Ambilikile, alikuwa na wiki mbili, futi alikuwa hajaigusa. Asubuhi ya ukaguzi akaniuliza, "Kijana, hii futi iko sawa?"

"Ndiyo tunayotumia, mzee."

Sikusema uongo.

Baba nilishamwambia Alhamisi aje mjini, avae shati la kanisani. Hakuuliza kwa nini. Nilimkuta amesimama upande wa pili wa barabara, viatu ameshika mkononi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama Bertilla, Mfipa, mnene, mpole, lakini ukimdanganya anakukumbuka mpaka kaburini. Mbonile alimpokea kwa kiti.

"Karibu, ndugu Mwenyekiti. Nguzo imara hizi. Mtaa huu umechoka, mbao zinaliwa na mchwa. Nataka nikupeni sura ya mji wa kisasa. Sasa hivi sisi ni makao makuu ya mkoa."

"Mchwa tunao toka zamani, ndugu Mbonile," mama Bertilla akasema. "Na mtaa bado umesimama. Wewe ulikuwa na haraka gani?"

"Mvua zinakuja, mama."

Mvua zinakuja. Nilimwangalia usoni. Hakunikumbuka hata kidogo. Alinisukuma bega, "Kijana, bana ukutani vizuri, usilegeze."

Nikabana. Kidole gumba changu nikakilaza juu ya ile namba moja. Ambilikile akavuta hadi ukingo wa nje wa nguzo, akainama.

Koo langu lilikuwa linawasha. Miaka miwili nimelipigia kelele neno lile, lilitaka kutoka lenyewe. Nikauma ulimi.

"Mita tatu," Ambilikile akasema. "Kamili."

"Tatu?" Mbonile akacheka. "Soma tena, mwanangu."

"Tatu, mzee. Njoo uone."

Nguzo ya pili, tatu. Nguzo ya tatu, tatu. Nguzo ya nne hakuimaliza kusoma. Mama Bertilla alikuwa ameshafunga daftari.

"Umezidisha mita nzima, ndugu. Zitavunjwa leo. Maombi yamekataliwa."

Watu wa mtaani walishajaa. Muuza mafuta ya taa akapiga mluzi. Mbonile alinyanyuka, jasho, akanivuta mkono, akaona kidole changu, akaona kilichokuwa chini ya kidole.

"Hii futi imekatika! Toa moja! Ni mita mbili hizi, nilipima mwenyewe! Ambilikile, kwenu hawakufundishi? Hii futi lazima utoe moja!"

"Nani kakuambia?" mama Bertilla akauliza.

"Naijua! Ilikatwa na Landrova, nilikuwepo, mimi ndiye niliyeisahau barabarani!"

"Mwaka gani?"

"Sabini na mb—"

Alimwona baba. Baba alikuwa ameshavuka barabara, amesimama nyuma ya mama Bertilla na lile shati lake jeupe. Akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, mara tatu. Safari hii Mbonile hakumuuliza anampigia nani.

"Sabini na mbili," mama Bertilla akammalizia. "Na operesheni ilikuwa lini?"

Kila mtu pale anajua operesheni ilikuwa lini.

"Mlivunja nyumba kumi na moja upande ule," akasema, polepole, kama anahesabu mayai. "Mlitoa moja?"

"Mama, mambo ya zamani hayo. Kulikuwa na haraka, amri toka juu, nyumba nyingi, watu wanapiga kelele…"

"Nakuuliza, mlitoa moja?"

Mbonile akafuta jasho kwa kiganja, akaangalia chini. Basi nikajua. Miaka yote ile nilidhani nikijua nitampiga. Mikono yangu ikabaki imeshika futi.

Mama Bertilla akafungua daftari tena. "Sikiliza. Mimi ni mwenyekiti, naandika ninachoambiwa. Ukisema futi ni mbovu, nguzo zako zinabaki. Lakini nitaandika kwamba ni mbovu toka sabini na mbili, na shahidi ni wewe, uliyepima nayo ukijua. Barua inaenda mkoani, nyumba zile kumi na moja zinaangaliwa upya, na wewe unaitwa. Ukisema futi ni nzima, naandika mita tatu. Chagua."

"Mama, unanionea."

"Chagua, ndugu. Jua linapanda."

Mbonile aliangalia nguzo zake. Akamwangalia baba. Akaangalia kalamu ya mama Bertilla. Kisha akasema kitu, hakuna aliyesikia.

"Sema kwa nguvu," nikamwambia.

"Futi ni nzima."

"Futi ya serikali haikosei," nikasema.

Hapo ndipo aliponitambua. Niliona macho yake yakienda kwa baba, yakirudi kwangu. "Wewe ulijua," akasema. "Umekaa kimya makusudi."

"Na wewe je?"

Nyundo niliomba mimi nianze. Saruji nzuri, ilikuwa ngumu kweli, nguzo ya kwanza ilinitoa malengelenge. Niliipiga kwa ajili ya nyumba, nikaipiga kwa ajili ya mama, nikaipiga kwa ajili ya darasa la sita. Mke wa Mbonile, Sekela, alikuwa mlangoni ameshika kichwa. Sikumwonea huruma. Mama yangu naye alishika kichwa mlangoni, hakuna aliyeweka nyundo chini.

Nguzo ya nne ilipoanguka nikamtafuta baba. Nilitaka nione anacheka. Alikuwa amekaa kwenye baraza la jirani, anavaa viatu vyake.

"Umeona, baba?"

"Nimeona."

"Sasa mbona hivyo?"

Alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena.

"Mimi ningependa mama Bertilla aandike futi ni mbovu," akasema. "Nguzo zake za nini mimi? Ningependa iandikwe kwamba nyumba yangu ilikuwa ndani."

Akaenda zake Pito kwa miguu. Sikumfuata.

Ambilikile alinifukuza kazi jioni ile ile. Alisema mtu anayekaa kimya na futi mkononi ni mbaya kuliko mwizi. Sawa, sikubishana naye. Alisema niache kila kitu cha ofisi mezani, nikaacha kofia, nikaacha koti la mvua.

Futi sikuacha. Ninayo hapa chini ya kitanda, imekatika pale pale kwenye moja, na Mbonile anajua kwamba ninayo. Kila nikipita mtaa ule huwa anaingia ndani. Mama Bertilla bado ni mwenyekiti, daftari lake lina kurasa nyingi. Baba anataka iandikwe. Itaandikwa.