Maneno Sita kwa Kifo Kimoja

Neno la kwanza lilimlia Yudith asubuhi nzima. "Cumbersome." Alilitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyesema atokako, kisha akaandika: mzigo usiobebeka. "Convoluted" akaliita uliojisokota. "Tortuous" likawa wa kona kona, na "labyrinthine" likawa wa vichochoro visivyo na pa kutokea. Alipofika "Byzantine" alicheka peke yake chumbani kwake Chang'ombe. Waingereza walikuwa wamechimbua dola iliyokufa zamani ili wapate tusi la ofisini! Akaandika: wa mabaraza juu ya mabaraza.

Ilikuwa ripoti ya mradi wa gari la wagonjwa, iliyoandikwa baada ya mama mmoja kufa akilingoja. Wataalamu waliandika kwamba utaratibu wa kuliita gari hilo ulikuwa mgumu pasipo sababu, na hawakuchoka kulisema jambo hilo kwa kila neno walilokuwa nalo. Mratibu wa mradi, Ludovick, alimkabidhi kazi ya kuitafsiri akisema, "Dada, Kiswahili cha kuongea ninacho, cha kuandika kinanishinda." Yudith, mwenye stashahada yake ya tafsiri, hakumsamehe kauli hiyo. Aliapa kwamba kila neno litakalopita mikononi mwake litatoka limevaa vizuri kuliko lilivyoingia.

La sita lilikuwa "circuitous", ukurasa wa kumi na sita. Hilo halikuhusu ofisi, lilihusu watu. Wananchi nao, ilisema ripoti, hueleza haja zao kwa kuzunguka, na hivyo huongeza ucheleweshaji. Yudith akaandika: "Wananchi nao huzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, ndipo waseme shida yao." Aliisoma kwa sauti mara mbili. Ilimpendeza.

Alhamisi yeye na Ludovick walikwenda kuisoma ripoti kijijini, nyuma ya bwawa la Hombolo. Watu walijaa darasani, upepo wa Juni ukipiga mabati. Mbele kabisa alikaa mzee mmoja, koti lake limefungwa vifungo vyote.

"Huyo ni mzee Yoramu," Jenifa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alimnong'oneza Yudith. "Bintiye Angelina ndiye aliyefia barazani pa zahanati mwezi wa kwanza, uchungu umemshika, gari halijaja. Mtoto alipona. Yuko kijiji cha Zuzu, kwa baba yake."

"Mzee anamwona?"

"Atamwonea wapi? Mzee ndiye aliyetumwa kuliita gari. Mkwewe, Gerson, na wazazi wake wanasema yeye ndiye aliyechelewa. Wamemwambia hamgusi mtoto mpaka ripoti itoke, ijulikane. Basi hana lingine, mwanangu. Anangoja hiyo karatasi yako imrudishie mjukuu."

Yudith akasimama, akasoma. Alisoma vizuri, naye alijua. Alipofika kwenye mzigo usiobebeka, akina mama waliitikia, "Ehee! Rudia hapo, binti!" Kwenye vichochoro, kijana mmoja aitwaye Kefa alipaza sauti kutoka nyuma: "Kumbe Kiingereza kina majina yote hayo ya kutuchelewesha! Sisi tunalo moja tu: njoo kesho!" Darasa likaangua kicheko. Kila neno lilipotua, mzee Yoramu aliinua kichwa kidogo. Kwenye mabaraza juu ya mabaraza uso wake ulifunguka, akamgeukia jirani yake kana kwamba anamwambia, unasikia?

Ndipo ukafika ukurasa wa kumi na sita. Yudith alikuwa ameuandalia sauti. Alimtoa yule kuku polepole, akimtembeza, na watu wakacheka mpaka wengine wakajifuta macho.

"Hao ndio wazee wetu haswa!" Kefa alipiga kelele.

Mzee Yoramu hakucheka. Alisimama, akavua kofia. "Mbukwenyi," aliwasalimu wote. Akawasalimu akina mama, akawasalimu vijana, akawauliza wageni habari za njiani na za huko mjini.

Ludovick akatazama saa yake. "Mzee wangu, tuingie kwenye hoja."

Mzee alizikata salamu. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Siku ile nilifika kwa mtendaji kuomba mhuri wa kuitia gari. Alikuwa na wageni. Nikaamkia, nikakaa kwenye benchi. Kwetu mtu mzima hamwagi shida yake mlangoni, hungoja aulizwe. Akaniuliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Ndivyo ilivyo, nzuri hutangulia. Akaendelea na wageni wake. Aliponigeukia mara ya pili ndipo nikasema, mtoto wangu anakufa." Akaishika kofia kwa mikono miwili. "Sasa nauliza. Huyo kuku ni mimi?"

Yudith alifunua kurasa mpaka kwenye jedwali la mwisho.

"Babu, saa za siku ile zimeandikwa hapa. Kungoja mhuri, saa moja. Kamati ya mafuta, saa tatu. Saini ya msimamizi wa magari, saa mbili na nusu."

"Na benchi langu?"

"Halikupimwa. Limo humo humo kwenye saa ya mhuri."

"Halikupimwa, lakini limesemwa."

"Kuku nilimtia mimi, babu. Kwa Kiingereza hakuna kuku."

"Kwa Kiingereza kuna nini?"

Angeweza kudanganya. Wazo lilimpitia, lakini macho ya mzee yalikuwa yamemkazia. "Kuna kwamba watu huzunguka kabla ya kusema."

"Basi ni hilo hilo," mzee alisema taratibu. "Wewe umelivalisha tu."

Akakaa.

Mkutano ulipovunjika, Yudith alimkimbilia Ludovick garini. "Ile sentensi iondoke."

"Ripoti imeshapitishwa, dada. Kubadili kitu ni mpaka iandikwe barua, iende kwa mhariri, kamati ikae, wafadhili wa..." Alikatiza, akakuna shingo. "Ni mlolongo," alisema, akitazama pembeni.

Yudith alitoa kalamu. Aliifuta ile sentensi kwenye nakala yake, akapitisha wino juu yake mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, kisha akamfuata mzee Yoramu, aliyekuwa amefika kwenye mashamba ya zabibu.

"Shika hii, babu. Peleka Zuzu. Saa zote zimo, na kuku hayumo tena. Wasome wenyewe ni nani aliyechelewesha."

Mzee aliuinua ukurasa ule kwenye mwanga, akaitazama ile alama nyeusi.

"Watauliza hapa palikuwa na nini."

"Mwambie Gerson ni kosa la mwandishi."

"Darasa zima limecheka, mjukuu wangu. Kicheko hicho kitafika Zuzu kabla yangu." Aliifunga ripoti vizuri, akamrudishia. "Na tena sitaki kuwadanganya. Hata mimi sijui kama nilichelewesha. Kila siku nalipima lile benchi, na kila siku linatoka na urefu tofauti."

"Sasa mtoto je?"

"Nitamngoja akue. Siku moja ataniuliza mwenyewe, nami nitamjibu."

Akavaa kofia, akaingia njia ya kwake. Yudith alibaki na ripoti mkononi. Mtoto alikuwa na miezi mitano.