Bati Chini ya Gari

Mume wangu Okari ni fundi wa mabati pale sokoni Migori. Anatengeneza masanduku ya wanafunzi, karai na majiko, na kichwa chake ni kigumu kuliko hivyo vyote. Mimi ni Edinah. Figo zangu zilikufa mwaka juzi, na tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi ananipeleka Homa Bay kwenye mashine ya kusafisha damu, maana huko ndiko tulikopata nafasi. Ukikosa siku moja, maji yanajaa mwilini. Ukikosa mbili, majirani wanaanza kununua sukari na majani chai ya kuleta matangani kwako.

Gari letu lilikuwa kuukuu, na petroli ilipanda mpaka Okari akawa anaangalia mshale wa tangi kuliko barabara. Halafu akaona video kwenye simu. Akanijia jikoni macho yamemtoka.

"Mama Liz, unajua nini kinakula petroli yetu? Upepo! Unaingia chini ya gari, unagonga kila chuma, unatuvuta nyuma. Nikifunika huko chini kote kukawa laini kama tako la sufuria, upepo utapita tu."

"Na wewe umekuwa injinia lini?" nikamuuliza. "Si jana ulikuwa unaziba karai?"

Jumapili nzima alilala chini ya lile gari, akapima, akakata mabati ya masanduku, akayafunga kwa bolti kutoka mbele hadi nyuma. Na kwa sababu ni fundi anayejua kazi yake, alikunja ukingo wa kila bati kwenda juu. Ndivyo alivyofundishwa: bati lisilokunjwa ni kisu, siku moja litamkata mtoto wa watu. Nilimwona akikunja kwa nyundo yake ya mbao, polepole, kama anamtengenezea mtoto sanduku la kwenda bweni.

Na wacha niseme ukweli, ilisaidia. Tulienda Homa Bay tukarudi, mshale ukabaki juu ya mahali ulipokuwa ukibaki siku zote. Okari akaimba kutoka Rongo hadi nyumbani. Sauti yake ni mbaya, lakini siku hiyo sikumnyamazisha.

Lakini kosa moja lilikuwa langu. Lile gari lilikuwa na ugonjwa wa zamani, lilikuwa linavuja oili ya injini. Taa ya kuonya ilikufa kabla hatujalinunua, kwa hiyo tulijua hali ya oili kwa doa la pale uwanjani linapolala. Doa likiwa kubwa, Okari anaongeza. Kila Ijumaa nikisafisha uwanja kabla Sabato haijaingia, nilimwaga majivu juu ya hilo doa nikalifagia. Sasa Ijumaa ya kwanza baada ya yale mabati naja na majivu yangu, ardhi kavu. Ijumaa ya pili, kavu!

"Baba Liz, kuja uone!" nikapiga kelele. "Gari limepona!"

Akainama, akaangalia, akacheka. Kesho yake kanisani nikasimama kutoa ushuhuda. Nikasema Mungu ameibariki mikono ya mume wangu, hata gari letu halivuji tena. Watu wakasema amina, na Okari akaangalia viatu vyake kwa haya. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sikuwa nimewahi kumsifu mbele ya watu. Sasa fundi amesifiwa na mke wake kanisani, atapima oili ya nini?

Jumatatu iliyofuata matatu zote ziligoma. Sisi tukajiona wajanja na gari letu. Tulipopita Awendo nikasikia harufu ya kitu kinaungua, nikadhani ni kiwanda cha sukari. Tulipokaribia Rodi, injini ikapiga kelele kama masufuria yanayoanguka, kisha ikanyamaza kabisa.

Okari akafungua boneti. Akajaribu ufunguo, wapi! Akaingia chini na spana, akalegeza bati la mbele, na oili ikamwagikia kifuani. Ilikuwa imekusanyika humo wiki mbili, ndani ya ule ukingo alioukunja vizuri. Gari halikuwa limepona. Alikuwa amelitengenezea sanduku la kufichia ugonjwa, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kipaza sauti.

Nilitaka kumfokea. Aki nilitaka! Lakini pumzi ya kufokea sikuwa nayo. Kila gari lililopita lilikuwa limejaa watu hadi buti. Akasimamisha pikipiki, nikapandishwa, na kwenye tuta la kwanza kiza kikanijaa machoni, nikarudishwa nikiwa nimeshikiliwa kama gunia.

Nesi Helen wa kule kwenye mashine akapiga simu. "Mama Liz, mko wapi? Nakushikia nafasi mpaka saa tano."

Saa tano ikafika. Alipopiga tena, sauti yake ilikuwa chini. "Nimempa mwingine, mama. Watu wanangoja. Jikaze mpaka Alhamisi."

Sikumlaumu. Hata mimi nafasi yangu niliipata kwa sababu kuna mtu hakufika.

Okari alikuwa amerudi chini ya gari, anafungua bati moja baada ya lingine, kana kwamba itasaidia. Miguu yake tu ndiyo ilionekana.

"Helen amesema nini?" akauliza kutoka huko.

"Amesema tusiwe na haraka."

"Na miguu yako?"

Nikaitazama. Kamba za viatu zilikuwa zimezama ndani ya nyama.

"Iko sawa, baba," nikasema. "Fanya kazi yako polepole."

Spana ikanyamaza. Miaka kumi na tisa, Okari hajawahi kunisikia nikimjibu kwa upole. Nikamsikia akianza kulia huko chini, na mimi sikuweza hata kuinama nimshike mguu.