Diski ya Bi Jumwa

Mwalimu Rai Tembo alifika Bongwe Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, mwaka 1998, akiikokota baiskeli badala ya kuipanda. Kwenye keria alikuwa amefunga kompyuta yake kwa kanga mbili na mpira wa tairi. Alikuwa ametembea hivyo tangu Gazi, kwa kuogopa mtikisiko.

"Shikamoo, mzee," Kaindi alimwamkia kutoka mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta fundi wa kompyuta."

"Ni mimi."

Mzee alimtazama, akaitazama bisibisi iliyokuwa mkononi mwake, akatabasamu kwa haya. "Basi uniwie radhi. Nilitarajia mwanamume."

Kaindi Musyoki alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Baba yake alikuwa Mkamba aliyekuja pwani kulima, na Bongwe ndiko alikozaliwa yeye. Kwa miaka sita alizitunza kompyuta za hoteli moja ya Diani. Baada ya fujo za Agosti 1997, watu wa bara waliposhambuliwa, wageni waliacha kuja, hoteli ikafungwa, na majirani wengi waliotoka bara wakarudi kwao. Yeye na baba yake walibaki. Alifungua karakana katika chumba cha mbele cha nyumba yao, akawa anatengeneza kompyuta kuukuu za watu majumbani. Kazi iliyomjia zaidi ilikuwa ya diski, kwa kuwa joto na chumvi ya pwani huzila upesi.

Mwalimu aliketi, akanywa maji, ndipo akaeleza shida yake. Kompyuta alipewa na mtafiti wa mikoko aliyemaliza kazi Gazi. Kilichokuwa ndani yake, hata hivyo, kilikuwa cha mkewe, Bi Jumwa.

Bi Jumwa alikuwa Mduruma wa upande wa Kikoneni, mkunga kwa miaka thelathini na saba. Hakujua kusoma, lakini kila mtoto aliyempokea alimhifadhi kichwani: mama yake nani, alizaliwa msimu gani, alitanguliza kichwa au miguu, alilia au hakulia. Mwalimu alipostaafu walianza kazi. Mke alisema, mume akaandika madaftarini, kisha akayapiga yote kwenye kompyuta. Watoto mia sita na arobaini. Watu walikuja kutoka mbali kuomba ukurasa wao, maana walizaliwa nyumbani na hawakuwa na cheti, na bila ushahidi wa kuzaliwa hawakupewa kitambulisho. Mwalimu aliwatafuta kwenye skrini, akanakili kwa mkono, akatia sahihi, na chifu aliikubali karatasi ile.

"Na madaftari?" Kaindi aliuliza.

"Yalioza katika mvua za mwaka jana. Maji yaliingia nyumbani mpaka magotini. Kompyuta ilinusurika kwa kuwa ilikuwa juu ya meza."

"Bi Jumwa mwenyewe hajambo?"

Mwalimu alikiweka kikombe cha maji chini. "Mwezi wa tatu alipatwa na kiharusi. Anasikia, anaelewa. Ukimuuliza jambo, akikubali huinamisha kichwa, akikataa hukitikisa. Kusema hawezi. Na sasa kompyuta nayo imeanza kugonga ndani. Tak, tak, tak."

Kaindi aliiwasha, akasikiliza. Alikuwa ameisikia sauti ile mara nyingi. Diski ilikuwa bado inasomeka, lakini siku zake zilikuwa zikihesabika.

"Tutaibadilisha," alisema. "Ninayo nyingine nzima, kubwa kuliko hii mara sita. Nitaigawa, nihamishe kila kitu. Njoo Alhamisi."

Mwalimu aliinuka, akaigusa kompyuta kwa kiganja. "Mwanangu, mke wangu hana mahali pengine anaposemea."

*

Siku ya pili asubuhi Kaindi aliziweka diski zote mbili mezani na kuziunganisha. Ya Mwalimu ilikuwa namba moja, mpya namba mbili. Diski mpya huja tupu kabisa. Haiwezi kuandikwa neno mpaka igawanywe, kila sehemu ipewe herufi yake. Alikuwa amefanya kazi hiyo mara nyingi mno kiasi kwamba aliweza kuifanya huku anawaza chakula cha mchana.

Alipokuwa ameanza tu, umeme ukakatika. Alingoja. Waya wa diski kuukuu ulikuwa haukai vizuri, akautoa, akazibadilisha diski nafasi ili uifikie vyema. Umeme ulirudi baada ya saa nzima. Kaindi aliwasha, akaita programu ya kugawa, akachagua namba mbili kama alivyokuwa amekusudia tangu asubuhi. Skrini ikamwonya kwamba kila kitu kilichomo kitapotea. Ikamuuliza kama ana hakika. Akakubali. Ikauliza tena. Akakubali tena. Kisha akaamuru diski isafishwe na kuandaliwa upya, akatoka kwenda kuteka maji kwenye tangi.

Aliporudi kazi ilikuwa imekwisha na kiasi cha nafasi kimeandikwa chini ya skrini. Alitarajia kuona megabaiti elfu tatu. Alisoma mia tano.

Aliiweka ndoo chini, maji yakammwagikia miguuni. Alisoma tena, kana kwamba tarakimu zingemhurumia. Diski mpya ilikuwa pale pale, tupu, haijaguswa. Aliyoifuta ilikuwa ya Bi Jumwa, iliyogeuka namba mbili alipozibadilisha nafasi.

Alijua pia kwamba maneno yenyewe hayakuwa yamefutika yote. Kilichofutika kilikuwa orodha inayoiambia kompyuta kila kipande kiko wapi. Mtu angeweza kupita diski nzima kipande kwa kipande, akasoma, akanakili. Lakini vipande vingetoka vimechanganyika, na diski ile ilikuwa inagonga. Alianza hapo hapo, na mpaka Alhamisi alikuwa amepata vipande sitini.

*

Mwalimu alikuja na samaki wawili waliofungwa kwa ukili. Alisimama mlangoni, akamwona Kaindi usoni, akawaweka samaki chini taratibu.

Kaindi alikuwa ameyapanga maneno ya kukiri. Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Mwalimu, diski ilikufa. Niliiwasha Jumanne ikakataa."

Mzee aliketi kwenye stuli. Nje, baba yake Kaindi alikuwa akichanja kuni, na kila shoka lilipotua Kaindi alishtuka.

"Hakuna kilichookoka?"

"Hakuna. Lakini niachie hapa. Nikipata njia, nitakuita."

"Kudura ya Mungu," Mwalimu alisema. "Ilikuwa imekwisha umri, nawe umejitahidi. Usijilaumu, mwanangu. Samaki hao pika na mzee wako."

Kaindi alimsindikiza mpaka barabarani. Alijiambia kwamba akivipata vipande vyote na kuvipanga, atamkabidhi Mwalimu kazi iliyokamilika, na uwongo ule hautakuwa na uzito tena.

Kwa siku kumi na tano hakupokea kazi nyingine. Alisoma diski kipande kwa kipande, na kila alipofika mahali pabovu ilianza kugonga, akaizima, akaingoja ipoe, akaiwasha tena. Vipande vilikuja bila vichwa na bila mikia. *Mtoto wa kike, miguu mbele, mama hakuishi. Aliyempeleka mtoto kwa bibi ni mimi.* Kipande hicho hakikuwa na jina la mtu. Kingine kilikuwa na majina manane yakifuatana, bila neno juu ya yeyote. *Mapacha. Mmoja alilia. Wa pili nilimpulizia mdomoni mpaka jua likatoka, nikamfunika.* Mapacha wa nani? Wa mwaka gani? Kaindi aliandika kila kipande na namba yake kwenye karatasi, akajaribu kuvioanisha, akakosa.

Siku ya kumi na tano diski iligonga mara tatu, ikanyamaza, na haikuzunguka tena. Alikuwa amepata vipande mia mbili na kumi na viwili.

*

Wiki iliyofuata alikuja mtu aliyejitambulisha kama Ziro, mchungaji wa ng'ombe kutoka Kikoneni, mwenye miaka ishirini na sita. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi Ukunda, lakini mwajiri alitaka kitambulisho, na hakuwahi kuwa nacho. Mama yake alikuwa amekufa. Aliyempokea duniani ni Bi Jumwa.

"Mwalimu alinieleza kwamba mashine ilikufa yenyewe," Ziro alisema. "Akaniambia nisije kukusumbua, kwamba ulifanya kila uliloweza. Lakini nimeona nipite tu, labda pana kilichobaki."

Kaindi alimtafutia katika karatasi zote. Alikuwapo Ziro mmoja, katika yale majina manane.

"Ndiye mimi?" aliuliza.

"Sijui. Hapa pana jina tu. Jina la mama halipo."

"Basi haitafaa."

"Haitafaa."

Ziro aliaga kwa adabu, akamwombea Mungu kazi yake iwe na baraka. Kaindi alifunga karakana, akaziweka karatasi mkobani, akaenda Gazi.

*

Alimkuta Mwalimu akimnywesha mkewe uji kwa kijiko. Bi Jumwa alikuwa amelazwa kitandani, mto umeinuliwa, uso wake umepinda upande mmoja. Kaindi alimwamkia. Hapakuwa na dalili yoyote kwamba amesikia.

Kaindi hakuketi. Alisema yote akiwa wima: waya, namba mbili, maswali mawili ya skrini, maji ya tangi, na uwongo wa siku ya Alhamisi. Kisha akazitoa karatasi.

"Nimepata hivi. Vimechanganyika. Vingine vina jina, vingine vina habari bila jina."

Mwalimu aliifuta midomo ya mkewe kwa ncha ya leso. Akaichukua karatasi ya juu, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Akasoma ya pili. Alipofika kwenye mapacha alizirudisha zote pamoja, akazinyoosha kingo juu ya goti.

"Hivi vilianza kutoka lini?"

"Siku ile ile. Ulipokuja Alhamisi nilikuwa navyo sitini."

"Sitini."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Alhamisi ile mke wangu alikuwa akiinamisha kichwa." Sauti yake haikupanda. "Ningemsomea. Ningemuuliza, hawa mapacha ni wa fulani? Angekataa. Ni wa fulani? Angekubali. Tulikuwa na wiki mbili, tungeyaweka majina mengi mahali pake. Jumamosi iliyopita ugonjwa ulimpiga mara ya pili. Sasa nikimuuliza kama ana kiu, hanijibu."

Kaindi alifungua mdomo.

"La, ngoja," Mwalimu alisema. "Kufuta, mkono hukosea. Mimi nilifundisha miaka thelathini, nilikosea mara ngapi ubaoni! Lakini niliketi kwenye stuli yako nikakuuliza, kuna kilichookoka? Ukanijibu hakuna."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mungu ndiye mwenye kusamehe. Mimi bado." Akakichukua kijiko tena. "Ziache karatasi."

Uji ulikuwa umeshapoa na kufanya utando juu. Kaindi aliinama, akamuaga Bi Jumwa kwa jina lake, akatoka.

*

Bi Jumwa alifariki mwezi wa Septemba. Kaindi alipata habari sokoni, akaenda mazikoni, akakaa ukumbini pamoja na wanawake. Wengi wao walikuwa wamezaliwa mikononi mwa marehemu, na walihesabiana kwa sauti ya chini nani yumo katika karatasi za Mwalimu na nani hayumo. Mmoja aliuliza yule fundi alikuwa mtu gani. Kaindi alisema, "Ni mimi." Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu, mkeka ukawa mpana pande zote za alipoketi.

Kabla ya kuondoka alimfuata Mwalimu, akamwambia kwamba anataka kwenda vijijini kuwauliza akina mama mmoja mmoja na kuandika upya. Alidhani atakataliwa.

"Anzia Kikoneni," Mwalimu alisema bila kumtazama. "Miguu yangu haifiki huko tena. Andika kwa kalamu."

Alianza Jumamosi iliyofuata. Wako waliomweleza wanachokumbuka. Wako waliosikia jina la Kikamba la baba yake wakamwambia wana kazi shambani. Mama wengi walikuwa wamekufa, wengine walitofautiana na dada zao juu ya mwaka na mvua. Kufikia Desemba alikuwa amekamilisha watu arobaini na mmoja. Ziro hakuwa miongoni mwao; kazi ya Ukunda alipewa mwingine, naye akarudi kwa ng'ombe zake.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi aliingia katika boma la bibi mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikiendelea kufanya kazi.

"Watoto wangu Jumwa anawajua wote," alisema. "Hata wale wawili ambao sikuwapa majina. Kwa nini asije mwenyewe kuniuliza?"

Kaindi akafahamu kwamba habari za kifo hazikuwa zimefika huku. Aliifunga kalamu, akaketi chini kando ya rundo la magunzi, ili amwambie.