Jumamosi ya Bibi Anna

Hana Bartolomayo alikuwa mwenyekiti wa Klabu ya Huduma, na mimi nilikuwa katibu wake. Shule yetu ni ya masista, ipo njia ya kwenda Kongwa, na klabu zake ni nyingi: kuna YCS ya vijana Wakatoliki, kwaya, mdahalo, skauti, mazingira. Klabu ya Huduma ilikuwa ya waliobaki. Wenye sauti walichukuliwa na kwaya, wenye maneno wakachukuliwa na mdahalo, na sisi kumi na mmoja tukapewa ndoo na mafagio. Mimi naitwa Anifa, ni Mwislamu, baba yangu ana duka la vitambaa mjini Dodoma, na nilijiunga kwa sababu ilikuwa klabu pekee isiyokutana Ijumaa mchana. Hana alijiunga kwa sababu aliipenda.

Walimu walizoea kulichezea jina lake. Akichelewa namba ya asubuhi, Hana hana saa. Akibisha darasani, Hana hana adabu. Yeye alikuwa anatabasamu kidogo na kuendelea na alichokuwa anasema.

Kila Jumamosi, baada ya usafi wa mabweni, tulikwenda kwenye kijiji kilicho nyuma ya shule. Tuliteka maji, tulifua, na tuliwafundisha watoto kunawa uso, maana huku kwetu vumbi ni jingi na maji ni machache, na ugonjwa wa vikope huanzia utotoni kwa macho mekundu na nzi. Kwa wazee huishia pabaya. Kope zinageuka, zinaota kuelekea ndani, na kila mara mtu anapopepesa zinamkwaruza jicho.

Bibi Anna alikuwa nao macho yote mawili. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya tembe, ya udongo mpaka paa, pembeni ya kijiji, watoto wake wako Morogoro. Alikuwa na kibanio cha bati alichotengenezewa na fundi baiskeli, na kila asubuhi aliketi juani akajing'oa kope kwa kupapasa. Nilipomwona mara ya kwanza nilitoka nje. Hana alibaki, akachuchumaa mbele yake, akamuuliza inamuuma zaidi wakati gani. Bibi akamjibu kwa Kiswahili chake chenye Kigogo ndani kwamba inamuuma akifumba, na inamuuma akifumbua.

Kuanzia hapo Hana hakutulia. Alimfuata muuguzi wa zahanati mpaka akaambiwa kwamba madaktari wa macho watakuja kituo cha afya kwa siku moja tu, Jumamosi ya pili ya mwezi, kufanya upasuaji wa kope bila malipo. Akamwandikisha Bibi Anna. Bibi alikataa mara mbili. Aliogopa kisu, na aliogopa zaidi kuachwa peke yake katikati ya watu asiowajua huku macho yamefungwa bandeji. Mara ya tatu alikubali kwa sharti moja, kwamba Hana awe naye tangu mwanzo mpaka mwisho. Hana akampa mkono. Mwalimu Silvano, mlezi wa klabu ambaye pia ndiye mwalimu wa nidhamu, akatia saini ruhusa, na mimi nikaiandika kwenye kumbukumbu za kikao.

Siku tatu kabla ya Jumamosi hiyo tukatangaziwa kwamba ruhusa zote zimefutwa. Shule ilikuwa inatimiza miaka ishirini na tano, jubilei ilikuwa Jumamosi inayofuata, na Jumamosi hii kila mwanafunzi alitakiwa uwanjani kwa mazoezi ya gwaride, nyimbo na kupanga viti.

Tulikwenda ofisini kwa Sista Mkuu, Hana na mimi. Sista alitusikiliza vizuri tu. Si mtu mkali. Alisema Bibi Anna atapelekwa madaktari wakija tena. Hana akasema wanaweza wasije mpaka mwakani. Sista akasema mwalimu atatafutwa wa kumsindikiza, kisha akatazama ratiba yake na kuona kwamba walimu wote wana kazi siku hiyo. Akavua miwani.

"Hana," alisema, "utii nao ni huduma."

"Sista, nimempa mkono kwa jina la shule hii. Nikamwambie nini?"

"Mwambie shule ina shughuli."

Hana aliaga, tukatoka. Nje, tulipofika kwenye bomba, aliniambia kwamba yeye atakwenda. Akaniuliza kama nitakuja naye. Nilimwambia baba yangu ataniua, na kwamba mimi katika shule ile tayari ni mgeni kidogo, nikikosea nitakosea mara mbili. Alisema ameelewa. Hakunikasirikia, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Jumamosi alitoka saa moja asubuhi, kupitia geti kubwa, akiwa na sare kamili na fulana ya klabu juu yake. Wanaotoroka shuleni kwetu hupita kwenye michongoma nyuma ya jiko. Yeye alimsalimia mlinzi, akaomba daftari la wanaotoka, akaandika jina lake, kidato chake, na mahali anapokwenda. Kwenye nafasi ya ruhusa aliandika kwamba ruhusa ilikuwepo na imefutwa. Mlinzi alisoma polepole. Alipomaliza kusoma, Hana alikuwa ameshavuka barabara.

Sisi tulipanga viti. Jua la Dodoma mwezi ule halina huruma, na tulivipanga, tukaambiwa mistari imepinda, tukavipanga upya. Niliimba wimbo wa jubilei mara tisa. Wimbo wenyewe ulihusu kuwatumikia wadogo na wanyonge.

Yaliyotokea kule alinisimulia baadaye. Daudi, jirani wa Bibi Anna anayechota maji kwa punda, aliwabeba kwa mkokoteni mpaka barabarani, na hapo wakapata basi. Kwenye kituo cha afya kulikuwa na watu wengi mno, wengi wao bibi za watu wenye vitambaa usoni. Wakangoja mpaka saa nane. Bibi Anna alipoitwa miguu ilimgomea, na daktari akamruhusu Hana aingie, akavalishwa kofia na kanzu ya kijani, akamshika mkono kwa dakika zote ambazo daktari alikuwa anakata na kushona. Bibi hakulia. Aliminya tu vidole vya Hana mpaka vikafa ganzi. Kisha daktari akasema bandeji zitafunguliwa kesho asubuhi, na kwamba mgonjwa lazima awe na mtu wa kumwangalia.

Hana hakuwa amelijua hilo. Aliniambia hapo ndipo alipoogopa kweli, maana kutoka mchana ni kosa moja na kulala nje ya shule ni kosa jingine kabisa. Aliazima simu ya muuguzi, akapiga ofisini. Ofisi ilikuwa imefungwa, wote wako uwanjani. Alipiga mara nne. Kisha akarudisha simu na kwenda kumtafutia Bibi uji.

Alirudi Jumapili mchana, baada ya kumfikisha Bibi Anna nyumbani na kumwachia mke wa Daudi maelekezo ya dawa. Sista Mkuu alikuwa amelala kwenye kiti cha ofisini, kama mtu aliyekesha. Walikuwa wamemtafuta mpaka nyumbani kwao na kituo cha polisi. Alipozinduka na kumwona Hana mlangoni alimshika mabega yote mawili akamtazama, akahakikisha ni mzima, ndipo akaanza kugomba.

Jumatatu kamati ya nidhamu ikaketi. Mimi niliitwa kama katibu wa klabu. Mwalimu Silvano alikuwa ameandaa karatasi iliyoandikwa kwamba mimi, Hana Bartolomayo, nilitoroka shule na kulala nje kwa ajili ya mambo yangu binafsi, naomba radhi na sitarudia. Akisaini, angepewa adhabu ya wiki moja shambani na mambo yangeishia hapo. Hana aliisoma, akairudisha mezani.

"Niliondoka bila ruhusa," alisema. "Hilo nitaandika hata mara mia. Mambo yangu binafsi sikuwa nayo kule."

"Ni maneno ya fomu tu," Mwalimu Silvano akasema. "Kila mtu anasaini hivyo."

"Mimi sitasaini."

Walimshawishi kwa saa nzima. Walimwambia anaharibu rekodi yake, anamwaibisha Sista, anaivunjia shule heshima wiki ya jubilei. Alisimama mikono nyuma, akijibu kila alichoulizwa kwa upole, na kila walipomsogezea kalamu aliirudisha. Mwishowe wakamwondoa uenyekiti, wakamsimamisha masomo wiki mbili, wakamwita baba yake.

Mzee Bartolomayo ni fundi mwashi, anaishi Nzuguni. Alifika Jumanne na saruji bado iko kwenye viatu. Sote tuliokuwa ofisini tulidhani atampiga hapohapo, maana uso wake ulikuwa umekunjamana. Aliomba aione karatasi. Akaisoma akifuata mistari kwa kidole. Akamuuliza binti yake, mbele ya Sista, alilala wapi. Hana akamwambia, chini, kwenye sakafu ya wodi, pembeni ya kitanda cha Bibi Anna. Akamuuliza nani alimwona. Akamtajia jina la muuguzi.

Mzee akakunja karatasi, akaiweka mbele ya Sista kwa mikono miwili.

"Sista, shikamoo tena," alisema. "Adhabu yake ataipata, na nyumbani nitamwongezea, kwa sababu usiku ule mama yake hakula. Lakini hii hawezi kuisaini. Si kweli."

Wakaondoka, yeye mbele na sanduku kichwani, binti nyuma.

Siku ya jubilei ilipofika tulikuwa wanachama kumi. Mwalimu Silvano alinipa taarifa ya klabu niisome mbele ya wageni, na baada yake tungepewa cheti cha klabu bora. Taarifa ilikuwa nzuri. Ilitaja idadi ya ndoo, idadi ya watoto walionawa uso, na ilisema kwamba klabu imefanikisha matibabu ya macho ya bibi mmoja wa kijiji jirani. Niliisoma bwenini mara ngapi sijui. Kila nilipofika hapo nilihisi kama mtu anayevaa nguo ya mwenzake.

Nilisimama kwenye kipaza sauti. Hema lilikuwa limejaa, mgeni rasmi yuko mbele, wazazi nyuma, na baba yangu kati yao, amevaa kofia yake ya sherehe. Nikasoma vizuri mpaka mahali pale. Hapo nikaiteremsha karatasi.

Nikasema kwamba aliyempeleka bibi huyo ni Hana Bartolomayo, peke yake, na kwamba leo hayupo kwa sababu amesimamishwa masomo kwa kumpeleka. Nikasema sisi wengine siku hiyo tulikuwa tunapanga viti hivi walivyokalia wageni. Kwa hiyo, nikasema, cheti hiki si chetu, na mimi kama katibu siwezi kukipokea.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilirudi kwenye nafasi yangu nikapita mbele ya Mwalimu Silvano, na hakunitazama. Mshereheshaji akaita kwaya haraka haraka.

Baba hakuniua. Aliniuliza, wakati wa chakula, kama niliyosema yote ni kweli. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi kula pilau.

Nilipewa wiki moja ya kulima shamba la mtama la shule, kila siku baada ya masomo. Siku ya kwanza nililima peke yangu. Siku ya pili wenzangu wanne wa klabu walikuja na majembe bila kuitwa na mtu, wakashika mistari. Wengine watano hawakuja, na siwalaumu, mimi mwenyewe nilishawahi kubaki. Siku ya nne Sista Mkuu alipita ukingoni mwa shamba, akasimama muda mrefu akituangalia, akaendelea na njia yake kuelekea kijijini.

Alikuwa anakwenda kwa Bibi Anna. Daudi ndiye aliyetuambia. Alimkuta ameketi mlangoni, nyuzi zimeshatolewa. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuharibika siku nyingi na halitaona tena. La kushoto linaona kiasi. Lakini hayaumi. Sista alikaa naye mpaka jua likapungua, na inasemekana Bibi alimuuliza yule binti yuko wapi, mbona haji, au amegombana na wakubwa zake. Sista alijibu nini, Daudi hakusikia.

Hana aliporudi hakurudishiwa uenyekiti. Alipewa mwingine, na Hana akawa mwanachama wa kawaida mwenye ndoo yake. Kwenye ubao wa matangazo ilibandikwa kanuni mpya, kwamba mgonjwa aliyeandikishwa na klabu atasindikizwa na wanafunzi wawili na mwalimu mmoja, na kwamba safari hiyo haitafutwa kwa ajili ya shughuli yoyote ya shule. Hakuna aliyeeleza imetoka wapi. Mwalimu Silvano aliibandika mwenyewe, pini nne, akaenda zake.

Jioni hiyo Sista alimwita Hana ofisini, nami nikamsindikiza mpaka mlangoni. Mlango ulibaki wazi. Ile karatasi ya kuomba radhi ilikuwa palepale mezani. Sista hakuisogeza. Alimuuliza tu, kama mambo yangejirudia vilevile, mazoezi yaleyale, amri ileile, angefanya nini.

"Ningekwenda, Sista," Hana akasema. "Ila ningeondoka mapema zaidi. Tulikuta foleni ndefu sana."

Sista akamwambia kengele ya kujisomea imeshalia, aende darasani.