Gari Lisilokuwepo Msituni

Dada yangu alipofuka akiwa na miaka arobaini na mmoja, kwa presha ya macho iliyomnyemelea bila hata kumuuma. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, na aliendelea kuwa opereta, kwa sababu ile swichibodi, mtambo wa kuunganishia simu, aliijua kwa vidole. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba alikuwa mtu wa kukaa nyumbani na kungoja kuhurumiwa. Alipiga pasi nguo zake mwenyewe na kufika kazini kabla ya wenye macho mawili.

Alichokosa ni baiskeli. Tulipokuwa wadogo yeye ndiye aliyeendesha, mimi nikikaa nyuma kama mzigo. Sasa mimi ni fundi cherehani, kutwa nimekunja mgongo, na siku moja nikaona tubadilishane zamu. Nikaenda kwa fundi baiskeli, jirani yetu tunayemwita Spoku, nikamwambia nataka baiskeli ya viti viwili. Akacheka mpaka akaweka spana chini. Kisha akachukua fremu mbili kuukuu, akazikata, akazichomelea, akaweka mnyororo mrefu na pedali jozi mbili. Aliipaka rangi ya kijani, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo.

Mjini, wanawake watu wazima sisi, hatukuthubutu kuipanda. Tuliisukuma tukitembea hadi ukingoni mwa msitu, kwenye kizuizi chenye kufuli na kibao kilichoandikwa kwamba magari hayaruhusiwi. Pembeni ya kizuizi palikuwa na upenyo wa baiskeli na waenda kwa miguu. Kutoka hapo ilikuwa kilomita kumi na mbili za changarawe, tambarare kama meza ya kukatia nguo, barabara ikipita juu ya matuta, bwawa kushoto, bwawa kulia, na katikati miti mirefu iliyosimama kimya. Hakuna honi, hakuna moshi. Dada alikaa nyuma, akakanyaga pedali kunishinda mimi, na kunitangazia njia: "Hapa changarawe imekuwa laini, tumefika bwawa la tatu." Au: "Punguza, nasikia bata wako karibu na njia." Kweli ningewaona, wamejipanga kama wanasubiri daktari.

Tulifanya hivyo kila Jumamosi asubuhi kwa mwaka mzima na ushei. Mlinzi wa kizuizi, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kukwaruza, tulimwita Shangazi, naye alituita Mapacha ingawa tumepishana miaka sita.

Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa baina ya bwawa la nne na la tano, mahali ambapo tuta ni jembamba. Dada akasema, "Kuna gari nyuma yetu."

"Huku gari litoke wapi?" nikamjibu.

"Nakwambia ni gari. Linakuja kasi."

Niligeuza shingo nikaliona, la kijivu, pana, vumbi limetimka nyuma yake. Nilisogea pembeni hadi mwisho wa tuta. Halikupunguza. Lilipiga honi moja ndefu, kioo cha pembeni kikanigonga kiwiko, na baiskeli ikateremka na sisi wawili hadi kwenye maji.

Bwawa lilikuwa la kina cha kifua, lakini tope la chini lilishika miguu. Nilimeza maji, nikaibuka, nikamtafuta Dada kwa mikono. Alikuwa amekalia ukingo wa tope, mkono wa kushoto umening'inia vibaya. Juu ya tuta gari lilikuwa limesimama. Nilidhani dereva anashuka kutusaidia. Kioo chenye giza kikashuka kidogo, na sauti ya mwanaume ikasema, taratibu kabisa: "Kipofu kwenye baiskeli. Mkifa huku mtamlaumu nani?"

Kioo kikapanda, gari likaondoka. Uso sikuuona.

Aliyetutoa ni mfanyakazi wa mabwawa, mtu wa kulisha samaki, aliyesikia honi. Alimlaza Dada kwenye mkokoteni wa magunia ya chakula cha samaki, akausukuma hadi kizuizini bila kupumzika. Shangazi alipotuona alishika mdomo. Nikamuuliza ni gari la nani. Akatazama kufuli, akatazama viatu vyake, akasema, "Mimi sijui, mwanangu." Nilijua anajua. Siku ile sikuwa na nguvu za kumbana.

Mtulinga wa Dada, mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Alifungwa mkono kifuani wiki sita, na wiki sita hizo hakuweza kukaa kwenye swichibodi.

Wiki ya tatu ikaja barua kutoka ofisi ya msitu. Nilidhani ni ya pole. Nilimsomea Dada mezani kwangu, katikati ya vipande vya vitambaa. Ilisema kwamba kufuatia ajali iliyosababishwa na matumizi yasiyo salama ya njia, baiskeli za watu wawili zimepigwa marufuku msituni, na mtu mwenye ulemavu ataingia kwa kibali maalumu tu. Gari halikutajwa hata kwa herufi moja.

"Soma tena," Dada akasema.

Nikasoma tena.

"Nipigie pasi ile blauzi ya bluu. Mimi siwezi kwa mkono mmoja. Kesho tunakwenda."

Ofisa wa msitu alitupokea kwenye chumba chenye ramani ya mabwawa ukutani na feni iliyokuwa inazunguka bila kupepea. Aliniangalia mimi. "Mwambie dada yako kwamba hatua hii ni kwa faida yake."

"Niambie mwenyewe," Dada akasema. "Masikio sijaugua."

Ofisa akakohoa, akaendelea kuniangalia mimi. Akasema hakuna gari linaloingia msituni. Haiwezekani. Kizuizi kina kufuli, na funguo ni mbili tu, moja ya mlinzi na nyingine ya mwenyekiti wa bodi ya msitu. Alipolisema hilo akainama ghafla kupanga kalamu zake.

"Mwenyekiti ana ufunguo wa nini?" nikauliza.

"Kwa ajili ya ukaguzi."

"Anakagua kwa baiskeli au kwa gari?"

"Mama, hapa si mahali pa kubishana." Eti Mama. Nilikuwa namzidi labda miaka mitatu. Akasimama, akatufungulia mlango, kwa adabu ile ya kufukuza. Nilitoka na kiwiko kinaniuma. Dada alikuwa anatembea haraka kuliko mimi, fimbo yake inagonga sakafu kama inaidai sababu.

Mwisho wa mwezi bodi ilikuwa na mkutano wa wazi kwenye ukumbi wa shule. Watu kama sitini walikuja, wengi wao waendesha baiskeli waliosikia habari za marufuku. Spoku alikuja na ovaroli yake yenye grisi. Mwenyekiti, mtu nadhifu mwenye miwani ya fremu nyembamba, akasimama mbele na kuanza kusoma pole kwa niaba ya bodi. Hakumaliza sentensi ya pili. Dada alinishika goti akanibana mpaka nikaumia.

"Ndiye," akasema.

Alisimama. Hakuomba nafasi. "Mimi nimepokea simu za hospitali miaka kumi na tisa," alisema. "Watu wananipigia wakilia, wakinong'ona, wakiwa na mafua, na nikishaisikia sauti haipotei. Wewe bwana ulishusha kioo cha gari, mimi nikiwa ndani ya maji na mfupa umevunjika, ukasema: Kipofu kwenye baiskeli, mkifa huku mtamlaumu nani."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akatabasamu. "Tunampa pole dada yetu. Lakini jamani, tuwe waungwana. Tutamhukumu mtu kwa ushahidi wa mtu asiyeona?"

Wapo waliocheka. Wachache, lakini wapo, na mmoja alikuwa mteja wangu, nimemshonea suti ya harusi. Nilisimama nikasema nami niliyasikia maneno hayo, na nililiona gari, la kijivu. Mwenyekiti akasema magari ya kijivu mjini ni mengi. Nikakaa, nikajichukia kwa kukaa.

Ndipo Shangazi aliponyanyuka kutoka benchi la nyuma. Alikuwa amevaa sare yake ya ulinzi, kofia ameikunja mkononi.

"Mimi ninafungua kizuizi kila Jumamosi," alisema. "Nimeagizwa na mwenyekiti kwa mdomo wake. Anakwenda kuvua samaki bwawa la saba pamoja na wageni wake. Ufunguo wake aliupoteza zamani, anatumia wangu. Siku ile nilimfungulia mimi. Mkinifukuza, nifukuzeni." Akamgeukia Dada. "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa."

Mlisha samaki naye akasimama, akasema samaki wanavuliwa kila Jumamosi na aliwahi kuripoti ofisini akaambiwa afunge mdomo. Baada ya hapo hakukuwa tena na mkutano, kila mtu alikuwa anazungumza kwa wakati mmoja. Mwenyekiti alitoka kwa mlango wa nyuma, miwani mkononi.

Nilitegemea Dada atafurahi. Tulipofika nyumbani alikaa kitini bila kuvua viatu.

"Umeona?" alisema. "Nilisema mimi, wakacheka. Akasema Shangazi, mwenye macho, wakaamini. Maneno yaleyale."

Nilimvua viatu, naye akaniacha nimvue, kitu ambacho hajawahi kuniruhusu.

Marufuku iliondolewa. Kufuli lilibadilishwa, na Shangazi alibaki kazini kwa sababu waendesha baiskeli waliapa kukesha ofisini kama angefukuzwa. Mwenyekiti alijiuzulu "kwa sababu za kiafya". Afya yake ilikuwa njema kuliko yangu.

Kisha akaja nyumbani, na hapo ndipo hasa hasira iliponipanda. Alikuja na mpiga picha, na baiskeli mpya ya viti viwili iliyofungwa utepe. Alisimama sebuleni, akasema angependa tuyamalize kwa amani, na kwamba Dada ashike usukani, yeye asimame pembeni, ipigwe picha moja tu ya kumbukumbu.

Dada alimwambia, "Yarudie yale maneno."

"Maneno gani?"

"Uliyoyasema kwenye tuta. Yarudie hapa, huyu wa picha ayasikie. Kisha useme ulikosea. Baiskeli sina haja nayo."

Mwenyekiti alimwangalia mpiga picha, akaangalia dari. Alianza na "kama kuna aliyekwazika", Dada akamkata: "Aliyevunjika." Akajaribu tena, akashindwa, akasema sisi ni watu wagumu, tusiosaidika. Nilifungua mlango nikaushikilia wazi. Waliitoa ile baiskeli na utepe wake, na gurudumu la nyuma likakwama kwenye kizingiti, nikawatazama wakihangaika nalo bila kunyoosha hata kidole.

Spoku alinyoosha rimu ya ile ya kijani, ambayo mlisha samaki aliiopoa bwawani, akabadilisha uma unaoshika gurudumu la mbele. Mwezi mmoja baadaye mkono wa Dada ulikuwa mgumu bado, haupandi zaidi ya bega, lakini ulishika. Jumamosi tukaenda. Baina ya bwawa la nne na la tano akaniambia nisimame. Alishuka, akapapasa ukingo wa tuta kwa mguu, akakuta pale udongo ulipomomoka na sisi, akasimama hapo, uso ameuelekeza majini.

"Bado nina hasira," akasema.

"Na mimi."

"Sawa. Panda."