Ramu Zilizonyolewa

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu wetu hakuwa hata na haja ya kujaribu, maana upara ulishamaliza kazi yote. Lakini kwa vichwa vya wenzake alikuwa bingwa, na kichwa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha binti wa mke wake, msichana wa chuo ambaye nyumba nzima ilimwita Chapchap kwa sababu hakuwahi kuona kitu kikienda kwa kasi ya kumtosha.

Alimwoa mama yake Chapchap wakati binti bado yuko sekondari. Tangu siku ile msichana alimpa heshima zote anazostahili mwanamume wa nyumba, akamwekea maji ya kunawa, akamwachia kiti chake. Neno moja tu hakumpa, la baba. "Shikamoo, Kinyozi." "Kinyozi, chakula tayari." Mwenyewe alikuwa akisema jina hilo la Kinyozi halimsumbui. Mwongo mkubwa! Lilimsumbua kila lilipotamkwa, na kwa kuwa kuitwa baba hakuombwi kwa barua wala kwa wajumbe, alinyamaza akangoja.

Dawa yake ilikuwa Jumapili. Saluni ikishafungwa, Chapchap alikaa kwenye kiti kirefu, akafungwa shuka shingoni, na mdomo ukafunguka. Kwingine kote walisalimiana tu, ila mbele ya kile kioo binti aliongea kama redio mpya. Na habari yake ilikuwa moja: kompyuta aliyoiunda mwenyewe, na jinsi ya kuisukuma ikimbie kuliko kiwandani walivyoipangia. Wenyewe wanauita mchezo huo ovakloki.

"Tatizo ni ramu," alisema Jumapili moja, akimaanisha vile vibao vyembamba vinavyoshika kazi ambayo kompyuta inaifanya wakati huo. "Zangu nikizisukuma kidogo tu, mashine inaganda. Na watu hawajui kuchagua, Kinyozi. Wanaangalia namba kubwa, ile ya kasi. Hawaangalii namba ndogo, ile ya kusubiri. Ramu yenye kasi kubwa na kusubiri kwingi ni kama mhudumu wa hoteli anayekimbia sana, lakini hasikii mpaka umwite mara tatu."

"Inamisha kichwa," alisema Kinyozi.

"Halafu zinunuliwe jozi, boksi moja. Ukiokota moja huku na nyingine kule, hazipatani."

"Mm," alisema Kinyozi, akapuliza nywele shingoni.

Jumamosi iliyokuwa inakuja kulikuwa na mashindano ya wapenzi wa mchezo huo, na Chapchap alikuwa amejiandikisha akijua ramu zake zitamwaibisha. Jumatatu, Kinyozi alifunga saluni mapema akaenda duka la kompyuta bila kumwambia mtu.

Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, alimwekea mezani jozi yenye namba kubwa kuliko zote dukani. "Hii ndiyo baba lao, mzee wangu."

"Inasubiri kiasi gani?"

Muuzaji aliacha kutabasamu. Alimtazama yule mzee mwenye nywele za watu kwenye mikono ya shati, kisha akaanza kushusha maboksi mengine bila utani. Mchagua nazi hupata koroma, lakini Kinyozi alichagua tu, akageuza kila boksi, akauliza kila namba, mpaka akapata jozi yenye kasi nzuri na kusubiri kudogo kuliko zote. Kila ramu ilikuwa imevalishwa joho la bati la kupunguza joto, lenye kishungi kirefu juu kama cha jogoo. Akazipenda zaidi. Alitoka dukani anatembea kama bwana harusi.

Nyumbani, Chapchap alisoma maandishi ya boksi, akarudia kuyasoma.

"Nani amekuchagulia?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Kila Jumapili. Unadhani pale kazi yangu ni nini? Mkasi ni kisingizio tu."

Binti alicheka, uso ukamlainika kidogo, akakimbilia chumbani. Kinyozi alimfuata akasimama mlangoni akijipangusa mikono isiyo na uchafu. Moyo wake ulikuwa juu. Angalau, alijiambia, ndani ya mashine ile anayoipenda kuliko usingizi kutakuwa na kitu kilichotoka kwangu.

Zikagoma kuingia.

Prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa na feni kubwa ya kuipoza, na mapezi yake ya bati yalitanda mpaka juu ya nafasi za ramu. Vishungi vya jogoo viligonga mapezi. Chapchap alijaribu kwa mshazari, akajaribu kutokea pembeni, akakaa chini. Katika maneno yote aliyoyamwaga kwenye kile kiti, urefu wa ramu hakuwahi kuutaja.

"Si kitu, Kinyozi," alisema kwa upole. "Nitaenda na zile za zamani. Nia yako nimeiona."

Angemgombeza ingekuwa nafuu. Ule upole ulimwingia kama mwiba, kwa sababu ni upole anaopewa mgeni aliyevunja kikombe.

Mama mtu alichungulia, akaelezwa. "Yaani umemnunulia mtoto viatu bila kuuliza namba ya mguu!" alisema, akacheka peke yake, kisha akaona uso wa mumewe akaacha.

"Feni haitoki?" Kinyozi aliuliza.

"Ikitoka prosesa itaungua. Kuna watu huwa wanazivua ramu haya majoho. Zikibaki uchi zinaingia vizuri, na upepo wa feni unazitosha. Lakini gundi yake ni ngumu. Ukivuta vibaya, bati linang'oka na kijiwe cheusi kinachoshika kumbukumbu, na ramu imekufa palepale." Chapchap alitazama vidole vyake. "Mimi siwezi. Mikono yangu ina haraka."

Kinyozi aliinua ramu moja, akaizungusha kwenye mwanga wa dirisha. "Hii gundi, ikipata joto?"

"Inalainika. Ikizidi sana, vijiwe vinaharibika."

Kinyozi aliiweka ramu chini taratibu. Alikwenda saluni akarudi na draya yake ya kukaushia nywele na uzi mwembamba. Alipima joto kwanza kwa kulipuliza ndani ya kifundo cha mkono wake, kama anavyofanya akiletewa mtoto mchanga wa kunyolewa. Kisha akaanza kuipulizia ramu, taratibu, huku na huku.

"Vuta sasa!" alisema Chapchap.

"Bado."

"Kinyozi, imeshapata moto, vuta!"

"Chapchap, keti. Ngozi haivutwi. Inabembelezwa."

Binti akaketi, mikono ameikalia. Kinyozi alipitisha uzi kati ya bati na kibao, akausokota kidogo, akasimama, akapuliza tena. Jasho lilimshuka uparani, wala hakulipangusa. Alijua kabisa kwamba akikosea, Jumamosi ya mtoto imekwisha, na yeye atabaki Kinyozi mpaka siku ya kuzikwa. Bati likaachia lenyewe, kimya. Vijiwe vyote vilikuwa mahali pake. Ramu ya pili ilikuwa na gundi sugu zaidi, naye akaizidi kwa upole.

Zikaingia chini ya feni, na nafasi ikabaki. Chapchap aliwasha. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

"Imekufa?" Kinyozi aliuliza.

"Inajifunza. Ramu mpya hupimwa kwanza na mashine." Lakini sauti ya Chapchap ilikuwa nyembamba.

Weusi ulikaa. Mama mtu alianza kusali kwa sauti ya chini, ingawa hakujua anaiombea nini hasa. Ndipo skrini ikawaka, na ramu mbili zikasomeka pale zote, nzima. Chapchap aliruka, akampiga mzee kofi la furaha juu ya upara, kisha akashtuka akajishika mdomo. "Samahani, Kinyozi!"

"Piga tu," alisema Kinyozi. "Pako wazi."

Wiki ile binti alizisukuma hatua kwa hatua, mashine ikiganda anarudi nyuma kidogo, na mzee kila jioni akiuliza, "Leo zimeamkaje?" kama anayeuliza habari za wagonjwa.

Jumamosi walikwenda pamoja, draya ndani ya mfuko, kwa tahadhari. Ukumbi mzima uliwaka taa za rangi zote kutoka kwenye mashine za watu. Ya Chapchap haikuwaka kitu. Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani, aliinama na tochi akachungulia ndani, akaita mwenzake aje aone.

"Hakuna hata mkwaruzo," alisema. "Nani amezinyoa hizi?"

Kinyozi alifungua mdomo aseme ni yeye.

"Baba," Chapchap akasema, macho kwenye skrini, vidole vinakimbia. "Ni kinyozi."

Hakugeuka. Hakujua hata kwamba amesema kitu. Mzee aliinama akafungua mfuko, akaitafuta draya ambayo hakuwa na haja nayo, akaitafuta kwa muda mrefu.

Jioni mama mtu aliwapokea mlangoni. "Haya, nipeni habari. Imekuwaje?"

"Tumeshinda," alisema Kinyozi.

"Wa nne, Mama!" Chapchap alicheka, akimpokea mzee mfuko. "Usimsikilize Baba, hajui kuhesabu."